Karatasi ya Aprili

Oktoba, weupe wa macho yangu ukawa siagi ya mwaka jana.
Tsendee ndiye aliyeona, nikifunga viatu vya manyoya:
"Sodnom, hebu geukia dirishani."
Nikageuka. Akanyamaza.
Mkojo nao ulikuwa kama chai iliyosahaulika jikoni,
nami kwa wiki nzima nilisingizia uchovu wa makaa,
maana kazi yangu ni kulisha tanuri la shule, hapa Darkhan,
na baridi haina siku ya mapumziko.

Kwenye karatasi ya kwanza nilitambua maneno mawili:
jina langu, na chanya.
Nikadhani chanya ni heri.
Nesi Narmandakh akavua miwani.
"Hapa," akasema, "tunaomba hasi."
Habari ikanikata maini,
na maini yenyewe ndiyo yaliyokuwa mgonjwa.

Sindano? Wembe wa kuazima? Jino?
Nikamtaja kinyozi wa kituo cha treni.
Nikakumbuka na mengine, sikuyasema.
Hakunibana. Akaandika: haijulikani.
"Mwili wa mtu mzima mara nyingi hujipigania.
Pombe, usiiguse. Mkeo apimwe, achanjwe.
Rudi Aprili."

Nyumbani nikatenga bakuli langu la mbao, lile lenye ufa,
nikalifunga uzi mwekundu lisichanganyike na mengine.
Hakuna aliyeniagiza. Aibu iliniagiza.
Sikukuu ya Mwezi Mweupe vodka ikazunguka,
nikaipitisha kama kaa la moto,
na shemeji akasema, "Siku hizi Sodnom ni mtawa!"
Wakacheka. Mimi nilichelewa kidogo.

Aprili. Mto Kharaa unapasua barafu yake.
Mistari mitatu; kidole cha nesi juu ya wa kwanza:
"Hili ni joho la kirusi. Oktoba lilikuwepo. Sasa hasi:
mwenyewe ameondoka."
Kidole kikashuka. "Hizi ni nyayo zake.
Chanya, na zitabaki chanya hadi uzeeni.
Ukiziona usishtuke. Nyayo si mgeni."
Kikashuka tena. "Na hawa ni walinzi, umewazaa wewe.
Mia moja arobaini. Kumi wangetosha."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilichelewa kumpa, miezi mingapi sijui,
akalitazama, akaliacha mlangoni.

"Na bakuli?"
"Bakuli gani?"
Nikamweleza. Hakucheka.
"Hapiti kwenye chakula, wala kwenye chai.
Bakuli halina kosa. Hata Oktoba halikuwa nalo."

Dada yangu Dulmaa alikuwa benchini na karatasi yake.
Alikubali kupimwa ili kunisindikiza tu.
Mstari wa kwanza: chanya. Wa tatu: hasi.
Kinyume changu, kama glavu iliyogeuzwa ndani nje.
Yeye alimpata utotoni;
mwili mchanga haujui kufukuza mtu,
ukamfungulia chumba.
Miaka hamsini na miwili.

Nikakunja karatasi yangu, nikaikunja tena,
furaha ikiniwasha mfukoni kama kitu cha wizi.
"Wako mgeni," akasema, "wangu mpangaji.
Na hajawahi kulipa kodi."
Nesi akamweleza: kipimo kila miezi sita,
picha ya ini, huenda na vidonge;
wengi huzeeka naye.
"Nizeeke naye? Mume wangu alishindwa hilo."

Jioni akaliona bakuli rafuni.
"Uzi huu wa nini?"
Sikujibu. Nikamimina chai ya maziwa na chumvi,
akanywa nusu, nikanywa nusu, pale pale alipoweka mdomo.
Halafu nikaushika ule uzi.
Fundo lilikuwa limekaza kwa mafuta ya miezi yote ile.
Ilibidi nitumie meno.